Mara Kumi na Moja Bila Sababu

Jumamosi ya mtihani, tumbo la Simamisha liliamka kabla yake. Kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa ameshakwenda msalani mara tatu, na mara ya nne mkewe akaja akasimama nje ya mlango.

"Baba watoto, mtihani wenyewe unafanyiwa humo?"

"Niache. Nimekula kitu kibaya."

"Umekula nilichokula mimi, na mimi mzima wa afya. Sema unaogopa, yaishe."

Hakusema. Mwanamume wa miaka hamsini na moja, mwenye wajukuu wawili, hawezi kumwambia mkewe kupitia mlango wa choo kwamba anaogopa darasa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliogopa kiti, aliogopa meza, kalamu aliiogopa kuliko nyoka, na zaidi ya vyote aliogopa kitakachomfika akishindwa.

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda alichokitumikia miaka ishirini na miwili kilikuwa kinafua mashuka ya hospitali, na yeye alikuwa msimamizi wa chumba cha pasi. Mwaka huo ofisi ikatoa agizo: kila msimamizi awe na cheti cha kusimamia watu kutoka chuo cha biashara. Mwenye cheti abaki. Asiye nacho apishe. Basi akaandikishwa, akaenda Jumamosi nane mfululizo, yeye aliyeacha shule darasa la sita akasukume toroli la baba yake baada ya mzee kuanguka.

Darasani kusikiliza aliweza, tena sana. Kuandika ndiko kulikomshinda. Herufi zake zilikuwa kama kuku waliofukuzwa, kila mmoja na njia yake. Mwalimu akitazama upande wake, yeye huinama na kuzungusha kalamu juu ya karatasi bila kuigusa. Jumamosi nane alizungusha hivyo hivyo, na hakuna aliyejua.

Jina la Simamisha hakupewa na mama yake. Chumba cha pasi kina mashine kubwa inayoitwa rola: mapipa matatu ya chuma yaliyolazwa, marefu kupita kitanda cha watu wawili, ya moto kiasi kwamba tone la maji likianguka juu yake hukauka kabla hujalisikia. Wanawake wawili hulisha shuka bichi upande huu, wawili hulipokea upande ule likiwa kavu, limenyooka kama karatasi. Rola haichagui shuka na mkono. Enzi za ujana wake Simamisha alifundishwa kazi na mtu aliyemwita Kaka, na siku moja Kaka akanyoosha kona ya shuka iliyojikunja huku mashine inakwenda. Mkono uliingia hadi kiwiko. Upande wa pili shuka likatoka limenyooka vizuri tu.

Tangu siku hiyo, akisikia mlio asioujua au akinusa harufu asiyoijua, hupiga ukelele "Simamisha!" na kukimbilia kitufe chekundu. Wanawake wa chumba cha pasi walilisikia neno hilo kuliko salamu yake, wakambandika.

Ubaya ni kwamba rola ikisimamishwa hupoa, na kuipasha moto tena ni dakika arobaini. Na kila ikisimama kuna fomu ya kujaza: tarehe, saa, dakika ngapi, sababu. Tarehe alijaza. Saa alijaza, na dakika alijaza, maana tarakimu hazikuwahi kumsumbua. Sababu aliiacha wazi. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Alipokuwa anafunga viatu, mkewe akamletea chai. Hakuigusa.

"Watanicheka," alisema hatimaye.

"Wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wanawake wanane wa chumba chako wana vidole themanini. Kahesabu vya viwanda vingine uone. Haya nenda, na usikae karibu na dirisha, utaruka."

*

Chuo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la fanicha. Darasa lilikuwa na viti vyenye vibao vya kuandikia vilivyoshikizwa mkono wa kulia, mwenye shoto akione mwenyewe. Mbele palikuwa na meza moja na viti viwili vinavyotazamana. Hapo ndipo pa mtihani. Wanafunzi walipaita Machinjioni.

Mkufunzi alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inaweza kukata nyanya. Simamisha aliiheshimu ile mikunjo, maana aliyeipiga aliijua kazi. Kijana mwenyewe alikuwa mwema. Alikuwa hajawahi kusimamia mtu hata mmoja, na hilo alilisema siku ya kwanza, akacheka, wakacheka naye.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kumwachisha mtu kazi. Aliwafundisha taratibu zake kama mtu anayefundisha kufunga nepi. Glasi ya maji iwe mezani. Boksi la tishu liwe karibu na mkono wa mfanyakazi. Barua iwe ndani ya bahasha isiyogundishwa. Sentensi ya kwanza: nimekuita kwa jambo zito, nitalisema moja kwa moja. Sentensi ya pili: uamuzi umeshafanyika. Samahani ni mara moja tu, ukiisema mara mbili mtu anaona mlango uko wazi. Bahasha imfikie mkononi kabla ya dakika kumi. Isipofika, umefeli.

"Na akilia?" aliuliza wiki iliyopita bwana mmoja mnene, meneja wa duka la matairi, ambaye darasa zima lilimwita Matairi.

"Unamsogezea tishu. Husemi kitu."

"Na nikilia mimi?"

Watu waliangua kicheko. Simamisha hakucheka. Swali hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake pia.

Mambo ya kuachishia watu kazi hayakuwa ya kubuni. Kila mwanafunzi alileta ukurasa mmoja wa jambo la kweli kutoka kazini kwake, bila jina la mtu wala la kampuni, ukapewa namba na kutiwa kwenye boksi. Siku ya mtihani unaokota ukurasa, unakaa kiti cha bosi, na aliyeuandika anakaa kiti cha mfanyakazi, maana yeye ndiye anayelijua jambo lenyewe, na viti vyote viwili hutiwa alama.

Sasa Jumamosi hiyo mafundi wa umeme walikuwa wameuteka ukumbi wa mchana. Kundi la mchana, ambalo lilikuwa la watu wa maofisini, likaambiwa lije asubuhi lichanganyike na wasimamizi. Ndipo mlango ulipofunguka akaingia afisa utumishi wa kiwanda cha kina Simamisha.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mwepesi, kitambulisho kinaning'inia kifuani kwa utepe mrefu wa buluu. Alipomwona Simamisha, uso wake ulibadilika kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afisa. Kumbe na wewe umo?"

"Kundi la mchana. Wametuleta huku." Macho yake yalikuwa mezani, kwenye maboksi mawili ya karatasi. "Mwalimu, samahani. Si ulisema kurasa zetu zitabaki kundi letu?"

"Hazina majina," alisema Mkufunzi, akimimina boksi moja ndani ya jingine. "Kuna hasara gani?"

Binti alikwenda kukaa nyuma kabisa, akaanza kuung'ata ule utepe.

Simamisha akawaza, haya, hata kufeli kwangu kumeletewa shahidi kutoka ofisini. Alidhani huo ndio mkosi wote.

Matairi alitangulia. Alimfukuza mpishi wa hoteli kwa dakika sita, akarudi kitini shati limelowa kana kwamba yeye ndiye aliyefukuzwa. "Namuonea huruma mpishi," alinong'ona, "lakini wali wake ulikuwa mbichi."

"Mzee wangu," Mkufunzi akaita. "Karibu."

Miguu ilikwenda, yeye akaifuata. Aliingiza mkono kwenye boksi, akaokota. Namba saba. Akapewa dakika tano za kusoma.

Alisoma kama alivyosoma siku zote, kidole chini ya neno, midomo ikicheza. *Msimamizi wa kiume, umri wa miaka hamsini na moja. Hakumaliza shule ya msingi.* Akafikiri, masikini, tuko wengi. *Amekuwa kazini miaka ishirini na miwili.* Kidole kikapunguza mwendo. *Katika miezi mitatu amesimamisha mashine kuu mara kumi na moja bila sababu. Kila mara zimepotea dakika arobaini.* Kidole kikasimama.

Kuna sauti rola huitoa kabla haijameza kitu, kama mtu anayevuta pumzi. Simamisha aliisikia sauti hiyo pale pale, katikati ya darasa.

*Ana hofu isiyo na msingi, na hofu hiyo imewaambukiza walio chini yake. Pendekezo: aachishwe kazi mwishoni mwa mwezi.*

Alisoma tena tangu mwanzo, labda kuna kiwanda kingine. Hakikuwepo. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatano.

Jasho lilimtoka nyuma ya masikio. Aliiona hali yake vizuri, na kuiona vizuri hakukumsaidia. Akiitoa bahasha, atakuwa amefaulu mtihani wa kubaki na kazi kwa kujifukuza kazi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya ofisi, na ofisi itasema mzee hata yeye amekubali. Asipoitoa, amefeli, hana cheti, na asiye na cheti apishe. Kulia rola, kushoto rola. Akasema moyoni, nisimame niseme huyu ni mimi? Watu thelathini watajua kuwa yeye ndiye yule mwoga asiye na shule.

"Mwenye ukurasa namba saba?" aliita Mkufunzi. "Namba saba, jamani. Haukuandikwa na jini."

Nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Afisa akasimama.

*

"Karibu, keti," Simamisha alisema. Sauti ya bosi ilitoka kama ya mbuzi.

Binti akaketi. Mkufunzi akaweka simu yake mezani, dakika zikaanza kuhesabika. Bahasha ilikuwa chini ya kiganja cha Simamisha, na tayari ilikuwa na alama za vidole vilivyolowa.

"Bosi anatetemeka kuliko mfanyakazi!" Matairi akaropoka. Watu wakacheka, Mkufunzi akawanyamazisha.

"Nimekuita kwa jambo zito," alisema Simamisha, "nitalisema moja kwa moja."

Mkufunzi akaweka alama ya vema. Sasa ilikuwa zamu ya sentensi ya pili. Uamuzi umeshafanyika. Maneno mawili tu, angeweza kuyasema usingizini. Alifungua mdomo na hayakutoka. Akanywa maji, na maji yalikuwa ya mfanyakazi.

"Umesimamisha mashine mara kumi na moja."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa nini?"

Hilo halikuwa kwenye mafunzo. Kalamu ya Mkufunzi ikabaki hewani.

"Kwa hofu," alisema binti. "Nina hofu isiyo na msingi."

"Hiyo umeisoma. Mimi nakuuliza ile mara ya kwanza. Tarehe tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Uliona nini?"

Ukurasa haukuwa na tarehe wala saa. Binti aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu aketi, na Simamisha akaona kwamba anaogopa vilevile, tena vibaya. Wote wawili sasa walijua, na darasa zima halikujua.

"Sikumbuki."

"Ya pili. Tarehe tisa. Uliona nini?"

"Sijui, bosi."

"Chumba hicho umewahi kuingia?"

Swali la kipumbavu kwa mtu mwenye miaka ishirini na miwili ndani ya chumba. Binti alijibu polepole. "Mara moja. Niliishia mlangoni."

"Mlangoni?" Matairi alisema. "Miaka yote hiyo?" Safari hii hakuna aliyecheka.

"Zimebaki dakika tano," alisema Mkufunzi. Hakuelewa kinachoendelea, lakini hakutaka kukikatiza.

"Fomu ina sehemu ya sababu," Simamisha akaendelea. "Uliandika nini?"

"Hakuandi... Sikuandika. Fomu zote kumi na moja, hapo patupu. Ndiyo maana ikasemwa bila sababu." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Mtu wa ofisini angejuaje?"

Hapo hofu ya Simamisha iligeuka rangi. Mpaka wakati huo alikuwa anamwogopa yule binti. Sasa alijiogopa mwenyewe, kwa sababu binti alikuwa na haki. Angekuwa yeye ofisini, na fomu kumi na moja tupu mbele yake, angefikiri nini? Angeandika ukurasa huo huo, na pengine mkali zaidi. Bahasha haikuwa uonevu. Alijipikia mwenyewe, miezi mitatu, kwa moto mdogo.

"Zimebaki dakika mbili."

"Kwa nini hukuandika?" aliuliza.

Binti akafungua viganja vyake juu ya meza. "Sijui," alisema, na haikuwa maigizo. "Niambie wewe."

Mkewe hajui. Watoto wake hawajui. Zikiletwa karatasi za kujaza nyumbani, yeye husema miwani yangu iko wapi, na miwani haijawahi kuwepo.

"Kwa sababu uliogopa," alisema. Hakumtazama binti. Alikitazama kiti alichokalia binti, kana kwamba kiko tupu na aliyepaswa kukikalia anamjua. "Uliacha shule darasa la sita. Ukiandika, maneno yanakwenda upande. Ukasema watacheka ofisini, watapitishiana meza kwa meza. Bora patupu. Patupu hapachekwi. Mtu mzima ovyo! Unajua kuokoa mkono wa mtu, na hujui kuuandika. Na wale wanawake wanakuamini. Ukifukuzwa leo, kesho anawekwa nani pale? Mtu asiyeogopa. Umewahi kuona mtu asiyeogopa mbele ya rola? Mimi nimemwona. Alinifundisha kazi."

Alinyoosha mkono, akalishika boksi la tishu na kulivuta upande wake.

Simu ililia. Bahasha ilikuwa bado chini ya kiganja.

Mkufunzi alitazama karatasi yake ya alama kwa muda mrefu, akaipindua, akairudisha.

"Mzee wangu," alisema, "nimekusikiliza. Lakini barua haijafika. Na humu sina sehemu ya kuyapa maswali yako alama." Aliona haya, lakini aliandika. "Umefeli."

*

Saa sita watu walitoka. Simamisha alibaki kwenye kiti cha bosi. Afisa naye alibaki, mkoba mapajani.

"Mzee, ile barua si ya darasani tu," alisema. "Imeshachapwa. Iko mezani kwa mkurugenzi, anasaini Jumatatu asubuhi."

"Najua. Umeandika mwisho wa mwezi."

"Sikukusudia ifike kwako hivi."

"Ilipangwa inifikieje?"

Binti alifungua mkoba, akatoa fomu kumi na moja zilizobanwa pamoja. Alizileta ziwe ushahidi wa ukurasa wake. Akazipanga mezani, akaweka kalamu juu.

"Jumatatu nitamwomba azisome kabla hajasaini. Nitamwambia zimejazwa leo, siwezi kumdanganya. Sijui atasemaje. Wewe sema, mimi niandike, tumalize upesi."

Alikaribia kukubali. Mungu anajua alivyokaribia.

"Hapana," alisema. "Sahihi ni yangu, na maneno yawe ya mkono wangu. Lakini usichungulie."

Aliandika kuanzia saa sita hadi saa tisa. Kila herufi ilikuwa kama kusukuma lile toroli kupanda mlima. Fomu ya kwanza: mlio kwenye ekseli kama mtu anasaga meno. Ya pili: ncha ya kilemba cha Shangazi imefunguka, inaning'inia kwenye mapipa. Shangazi ni mlishaji mkongwe kuliko wote pale, na anasikia kwa sikio moja. Ya tano: harufu ya nguo kuungua. Ya saba: msichana mgeni amesinzia akiwa wima, mtoto wake hakulala.

Ya nane binti aliisoma kichwa chini, akasahau kwamba amekatazwa kuchungulia. "Mkasi?"

"Wa chumba cha upasuaji. Ulikuwa umefungwa ndani ya shuka. Ukiingia kwenye rola, unatoka kama risasi."

Binti aliuachia utepe wake.

Kwenye fomu ya kumi kalamu ilisimama kabisa. "Hii ya tarehe ishirini," alisema Simamisha, "sikuona kitu. Nilisikia kitu, nikasimamisha, tukatafuta. Hakikuwa kitu."

"Dakika arobaini?"

"Arobaini na tano."

Walitazamana. Hiyo moja ilitosha kumzika, na wote wawili waliona hivyo. Angeweza kuandika mkasi mwingine, nani angejua?

"Niandikeje?"

"Mzee, mimi siwezi kukuambia."

Aliandika: *Nilisikia kitu hakikua kitu.* Herufi moja ilikosekana, akajua imekosekana, hakujua ni ipi. Akaiacha.

*

Jumapili nzima hakula. Mkewe aliuliza mara moja tu, "Umefaulu?" Akasema, "Bado hawajamaliza." Hakuwa amesema uongo.

Jumatatu saa mbili rola ilikuwa imeshika moto na wanawake wanaimba, kila mtu na wimbo wake. Simamisha alimwona afisa mlangoni, bahasha mkononi. Safari hii hakuishia pale. Alipoinua mguu kuvuka kizingiti, Simamisha akasahau bahasha.

"Weka chini hicho cha shingoni kwanza! Utepe wote huo, unataka kunyongwa?"

Binti aliuvua upesi, akautia mfukoni. Wanawake wakanyamaza. Walijua bahasha nyeupe ni nini.

"Simamisha," Shangazi akaita kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "huyo mtoto amekuletea mashtaka?"

"Lisha shuka, Shangazi."

Alifuta mikono kwenye suruali mara mbili. Akasoma, kidole chini ya neno, na safari hii hakujificha. *Onyo la maandishi.* Alisoma neno onyo mara tatu ahakikishe si jingine. *Kwa kutojaza fomu kumi na moja kwa wakati wake. Atarudia mafunzo kwa Jumamosi nane. Akishindwa tena, ataondolewa bila majadiliano.*

"Ile ya kuniachisha?"

"Ameiweka kwenye droo. Hajaichana." Binti alishusha sauti. "Ile fomu ya tarehe ishirini ameizungushia duara jekundu."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

Simamisha alikunja barua, akaitia mfukoni. Jumamosi nane, kisha Machinjioni tena. Na juu, kwenye droo, barua iliyochapwa inangoja tarehe tu.

"Mimi pia nimefeli," alisema binti. "Mwalimu ameniandikia nilimjibu bosi nje ya mada. Nitarudia na wewe."

"Basi ukae mbele. Mimi nitakaa nyuma yako nijifiche."

Alitaka kucheka, na pengine angecheka, ila sikio lake lilikuwa limeshaondoka. Upande wa kulia wa rola, chini ya nyimbo, kulikuwa na kitu. Chembamba. Kinakuja, kinapotea. Alimtazama binti. Aliwaza droo, akawaza duara jekundu, akawaza dakika arobaini. Mdomo ulikuwa mkavu kama shuka la upande wa pili. Shangazi alikuwa ananyoosha kona, vidole vyake kumi vimekaribia mapipa.

"Simamisha!"

Kitufe kikagonga. Mapipa yakazunguka nusu, yakatulia. Chumba kizima kikamtazama.

"Nini tena?" alisema Shangazi.

"Sijui bado. Ondokeni hapo mbele."

Alipiga magoti, akatazama chini ya rola kwa tochi, akapapasa, akasikiliza chuma kinavyolia kikipoa. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akainuka, akaichukua fomu ukutani, akaiweka juu ya rundo la mashuka. Tarehe. Saa. Akafika kwenye ile sehemu ya mwisho, akaishika kalamu kwa nguvu kama mpini, ulimi nje kidogo, na wanawake wanane na afisa wao wamemzunguka wakichungulia kila herufi.

"Mzee, tuwashe?" aliuliza yule msichana mgeni.

"Ngojeni," alisema. "Naandika."